Sentensi Niliyoiruka

Kuna sentensi moja niliiruka kazini mwaka jana, na hadi leo haijaniacha.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida. Mimi huandika na kutafsiri chochote kinacholipa: matangazo ya ploti, hotuba za harusi, maelezo ya sabuni, makala kama haya. Ofisi moja ya utafiti ilinitumia fomu ya ridhaa ya kurasa sita niitoe kwa Kiingereza niiweke kwa Kiswahili, shilingi tatu kwa neno, siku mbili. Fomu ilikuwa ya wafugaji wa huku kwetu Kajiado. Watafiti walitaka kuchukua damu ya ng'ombe na damu ya wenye ng'ombe, wapime magonjwa yanayotoka kwa mnyama kwenda kwa mtu, kisha damu hiyo isomwe kwa mashine hadi kwenye DNA.

Ukurasa wa nne ulikuwa na sentensi ndefu. Nikiitafsiri leo kwa uaminifu inasema hivi: taarifa zitakazotokana na damu yako, zikishaondolewa jina lako, zitawekwa katika hazina ya data ambapo watafiti wa nchi yoyote wanaweza kuzitumia, kwa maswali ambayo bado hatuyajui, bila wewe kuulizwa tena.

Mimi niliandika: "Taarifa zako zitashirikiwa na watafiti wengine ili kuendeleza sayansi."

Ningependa kusema ni uchovu. Stima ilikuwa imepotea Kimuka tangu saa kumi, laptopu imebaki na chaji ya asilimia kumi na tisa, na ofisi ishanipigia mara mbili. Hayo yote ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba ile sentensi niliielewa vizuri kabisa. Niliona itawaogofya watu, watu wakiogopa mradi utakwama, na mradi ukikwama mimi sitaitwa tena. Kwa hiyo nikailainisha. Hakuna aliyegundua. Pesa iliingia kwa M-Pesa siku ya Ijumaa.

Wiki tatu baadaye ofisi ileile ikaniita niisome fomu kwa sauti kwenye boma moja, upande wa kuelekea Saikeri. Watu walikaa chini ya mgunga, kijana mmoja akiwatafsiria kwa Kimaa wale wasiosikia Kiswahili. Miongoni mwao alikuwepo Mzee ninayemjua tangu niko darasa la tano, mama aliponunua ploti Kimuka akafungua duka. Ng'ombe wake hupita nyuma ya duka letu wakienda kunywa maji, na yeye husimama kununua chumvi na kuuliza habari za masomo yangu, hata baada ya masomo yenyewe kwisha. Kiswahili anakijua kuliko vijana wengi wa Ngong.

Nilipofika ukurasa wa nne akainua fimbo.

"Hilo neno, zitashirikiwa. Mimi kushiriki nakujua ni kwa kanisa. Hapa ni nini? Ni kugawana?"

Nikasema, "Ndiyo Mzee, ni kama kugawana elimu."

"Sasa wakigawana, mimi nitabaki na nini?"

Watu wakacheka. Mtu wa maabara aliyekaa na sindano zake akasema, "Utabaki na damu yako yote Mzee, sisi tunataka kijiko tu." Nami nikacheka. Mzee akaweka kidole gumba kwenye wino.

Huenda ningesahau, kama si rafiki yangu.

Tulianza chuo siku moja, mimi naye, tukisomea biolojia. Mwaka wa pili karo ilikataa, mimi nikarudi Kimuka kuuza unga dukani na kutafuta vibarua vya kuandika. Yeye aliendelea. Sasa yuko Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, anafanya uzamili wa bioinformatiki. Mama yake akiulizwa na wanakijiji binti anasomea nini, husema "udaktari wa kompyuta," na watu humwachia hapo.

Hiyo bioinformatiki ni biolojia iliyoolewa na sayansi ya data. Jenomu ya binadamu, yaani maandishi yote ya DNA yaliyo ndani ya seli, ina herufi kama bilioni 3, na alfabeti yenyewe ni ya herufi nne tu: A, C, G na T. Mradi wa kwanza wa kuisoma ulitangazwa kukamilika mwaka 2003, baada ya miaka 13 na mabilioni ya dola. Siku hizi mashine husoma jenomu ya mtu kwa siku chache, kwa bei ya ng'ombe mmoja mzuri. Kusoma kumekuwa rahisi. Kilichobaki kigumu ni kuelewa, kwa sababu hakuna jicho la mtu linaloweza kupita kwenye herufi bilioni 3 likitafuta moja iliyobadilika. Hapo ndipo wanahitajika watu kama rafiki yangu, wanaojua seli ni nini na pia wanajua takwimu na kuandika programu.

Huniambia kwa utani, "Tangu nianze uzamili sijagusa kiumbe. Mnyama wangu ni faili."

Kwao ni karibu na Webuye. Wiki za kwanza za masomo walipewa data za kufanyia mazoezi, zile za mradi wa kimataifa wa jenomu 1,000, ambao matokeo yake ya mwisho yalichapishwa mwaka 2015: watu 2,504 kutoka makundi 26 duniani. Data hizo ziko wazi kwa yeyote. Kila kundi limepewa kifupisho cha herufi tatu, na yeye akaanza kushuka na orodha. Akafika LWK. Maelezo yake: Waluhya wa Webuye, Kenya.

Alinipigia saa tano usiku. "Wewe, nimefungua faili nimekuta nyumbani."

Webuye tunayoijua sisi ni ya Pan Paper, kile kiwanda cha karatasi kilichonuka hadi abiria wakafunga madirisha ya basi. Lakini kuna wanafunzi wa Boston, Beijing na Berlin ambao hawajui kama Webuye ni mji au ni mto, na bado kila wiki wanafanya hesabu kwa damu ya watu wake. Tukaendelea kutafuta pamoja kwenye simu. Kuna kundi jingine, MKK: Wamaasai wa Kinyawa, Kenya. Hao walikuwa katika mradi uitwao HapMap, ambao matokeo ya awamu yake ya tatu, yaliyotolewa mwaka 2010, yalikuwa ya watu 1,184 wa makundi 11. Seli zilizotokana na damu hiyo zimehifadhiwa katika Taasisi ya Coriell, mji wa Camden, New Jersey. Zinaendelea kukuzwa, na watafiti huagiza.

Niseme haki hapa. Miradi hiyo haikuiba damu ya mtu. Watu waliombwa ridhaa, jamii zikashauriwa, majina hayakuandikwa. Taasisi ya Coriell hata imetoa mwongozo kwamba ukitumia data hizo uandike jina la kundi kwa ukamilifu, usiandike tu "Waafrika," kwa sababu watu wa Webuye hawawezi kusimama mahali pa bara zima. Wengi wetu tungekuwa na heshima kama hiyo kwa majina ya mahali petu, matangazo ya ploti yasingeita kila kichaka "Ngong."

Usiku ule nilinunua bando na kupakua kromosomu moja, ya 22, ambayo ni mojawapo ya zile fupi. Faili lilikuwa kama megabaiti 200 likiwa limebanwa. Rafiki yangu akanielekeza amri ya kuchungulia safu za Webuye peke yake bila kulifungua lote, maana lingejaza laptopu yangu. Nikaona. Juu kabisa, mahali ambapo kungekuwa na majina, kuna namba zinazoanza na NA19. Chini yake, mistari isiyo na mwisho: sifuri, mstari, sifuri. Sifuri, mstari, moja. Moja inamaanisha mtu huyu hapa ana herufi tofauti na ile ya jenomu ya rejea.

Nilikaa nayo hadi usiku wa manane. Kila safu ilikuwa mtu aliyekunja mkono wa shati siku fulani Webuye, akaangalia kando sindano ikiingia. Na nilipowafikiria hao ndipo nikaona kidole gumba cha Mzee. Yeye naye atakuwa safu. Tofauti ni kwamba watu wa Webuye huenda waliisikia ile sentensi. Mzee hakuisikia, kwa sababu yangu.

Hapo ndipo swali likaniingia: je, anayejifunza kutokana na mwili wa mtu asiyemjua ana deni kwake? Na kama analo, atalilipa vipi ikiwa jina limefutwa?

Nilimuuliza rafiki yangu, na hakunionea huruma.

"Unataka nini hasa?" alisema. "Watu waitwe kila mara? Kila mwanafunzi aende Webuye kubisha hodi? Watu wa Webuye wangechoka, na mimi singepata digrii. Mimi sina maabara. Mimi ni mtoto wa mwalimu wa praimari. Nasoma faili lilelile anasoma mtu wa Harvard, bure, kwa sababu kuna mtu alikubali liwe wazi. Ukilifunga, unayemfungia nje ni mimi, mtu wa Harvard atapata njia tu."

Sikuwa na jibu. Na kama nitasema ukweli wote, sehemu ya hasira yangu ilikuwa wivu. Yeye ameendelea na mimi nimebaki. Ni rahisi kuona dhambi katika kazi uliyoikosa.

Tena hoja yake ina uzito kuliko alivyoisema. Katika tafiti kubwa zinazotafuta uhusiano wa jeni na magonjwa, watu wenye asili ya Afrika hawafiki asilimia 3 ya washiriki. Wengi mno ni wenye asili ya Ulaya. Maana yake ni kwamba kipimo au dawa inaweza kutengenezwa kwa miili mingine, kisha ikaletwa kwetu kwa matumaini. Mwaka 2020 watafiti wa mtandao wa H3Africa walichapisha kazi yao juu ya jenomu za Waafrika 426 kutoka makundi 50 ya lugha na kabila. Kwa watu wachache hivyo walipata tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwa zimewahi kuandikwa popote. Milioni tatu! Kutohesabiwa nako ni dhuluma. Mtu akiniambia suluhisho ni kukataa kutoa damu, nitamuuliza watoto wetu watatibiwa kwa kitabu cha nani.

Lakini kuwa wazi si sawa na kuwa na haki, na hilo nalo tumeliona. Novemba 2021 wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini walisoma jenomu ya virusi vya korona, wakakuta aina mpya iliyokuja kuitwa Omikroni, wakaitangazia dunia na kuweka data wazi. Walifanya kile ambacho kila kitabu cha maadili kinasema wafanye. Ndani ya siku chache Uingereza, nchi za Umoja wa Ulaya na Marekani zikawafungia njia wasafiri kutoka kusini mwa Afrika. Waliogawa ndio waliokula adhabu.

Na ile "bila kuulizwa tena" ina historia yake. Kuanzia mwaka 1990, watu wa kabila la Havasupai, wanaoishi chini kwenye bonde kuu la Arizona, walitoa damu kwa watafiti wa chuo kikuu cha jimbo hilo. Wenyewe walielewa ni kwa ajili ya kisukari, ugonjwa uliokuwa unawamaliza. Baadaye wakagundua damu yao imetumika pia kutafiti maradhi ya akili, ndoa za ndugu wa karibu, na mababu zao walihamia kutoka wapi. Hilo la mwisho liliwaumiza kwa namna yake, kwa sababu masimulizi yao yanasema walianzia palepale bondeni. Wakashtaki. Mwaka 2010 chuo kilikubali kuwalipa wanakabila 41 dola 700,000 na kuwarudishia damu iliyobaki. Kuna picha yao wakiipokea, na ni picha ya watu walioletewa maiti nyumbani.

Hakuna aliyewaumiza mwilini. Kijiko kimoja cha damu, kama alivyosema yule mtu wa maabara. Sasa walipoteza nini?

Nadhani hapa lugha yetu inajua kitu, na ndiyo maana ile sentensi ilinishinda. Kiswahili kina kugawana na kina kushiriki. Tukigawana chapati, yako inapungua, na kila mtu anajua nani amempa nani. Tukishiriki harusi, hakuna kinachopungua kwa sababu wote tupo. Data ni kitu cha tatu. Ukiitoa haipungui, lakini pia wewe hupo. Inasafiri peke yake, inajibu maswali usiyoyasikia, inampa mtu shahada, mwingine dawa, mwingine pesa, na wewe uko nyuma ya ng'ombe wako hujui. Kutopungukiwa kulitufanya tudhani hakuna kilichochukuliwa. Kilichochukuliwa ni nafasi ya kuwepo.

Sheria imejaribu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 hapa Kenya inaweka taarifa za jeni katika kundi la data nyeti, pamoja na afya na dini. Ni jambo zuri. Lakini sheria inalinda jina, na ukishaliondoa jina sehemu kubwa ya kazi yake imekwisha. Mtu asiye na jina amelindwa dhidi ya kudhuriwa, sawa. Amelindwa pia dhidi ya kushukuriwa.

Nilikaa wiki mbili na mawazo haya kabla ya kwenda kwa Mzee. Siyo kwa ujasiri. Kila jioni ng'ombe walipita nyuma ya duka, yeye akasimama kununua chumvi, mimi nikampa chenji na kunyamaza. Jumapili moja nikachukua sukari kilo mbili na majani ya chai nikapanda bomani kwake. Kutoka pale unaona mitambo ya upepo ya milima ya Ngong ikizunguka, na chini reli ya SGR.

Nilimwambia yote. Kwamba kulikuwa na sentensi, kwamba niliikata, nikamsomea ile niliyoikata. Alinitaka nirudie mwisho. "Bila kuulizwa tena," nikasema.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua, Mzee."

"Na ukasoma vile."

"Ndiyo."

Akanyamaza kwa muda. Kisha akasema, bila hasira, "Basi na wewe kuna kitu umenichukulia."

Halafu akanieleza jambo ambalo nilikuwa nimelisikia nusunusu tangu utoto. Kwa Wamaasai, mtu akikupa ng'ombe, mnaacha kuitana majina. Yeye anakuita Pakiteng', nawe unamwita Pakiteng', kutoka enkiteng', ng'ombe. Akikupa kondoo ni Paker. Jina linaitwa pande zote mbili, aliyetoa na aliyepokea, sawasawa. "Ng'ombe anaweza kufa kesho," akasema. "Jina halifi. Tukikutana sokoni Kiserian baada ya miaka ishirini, ukiniita tu, kila mtu anayesikia anajua kuna kitu kilipita kati yetu."

Kisha akauliza, "Hawa wa damu, wao wataniitaje?"

"Watakupa namba, Mzee."

"Namba gani?"

Sikuijua. Hata yeye mwenyewe hawezi kuijua.

Nilitaka kumpa kitu, nadhani. Nikamwambia kwamba mwaka 2007 watafiti walichapisha kazi kuhusu maziwa. Walichukua sampuli za watu 470 kutoka makundi 43 ya Kenya, Tanzania na Sudan, wafugaji wengi wakiwemo, wakitaka kujua kwa nini baadhi ya watu wazima wanakunywa maziwa bila tumbo kuvuruga. Watu wengi duniani wakishakua, mwili huacha kutengeneza kile kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa.

Mzee akacheka hadi akakohoa. "Walihitaji kompyuta kujua tunakunywa maziwa?"

"Ngoja, Mzee. Wazungu wengi pia wanakunywa, na wao ilishajulikana ni herufi gani iliyobadilika kwenye DNA yao. Watu walidhani labda wafugaji wa huku wana ileile. Hawana. Yenu ni nyingine, mahali pengine kidogo, C mahali pa G. Ilianza huku, kwa maelfu ya miaka ya kufuga."

Aliacha kucheka. "Kwa hivyo hatukuazima kwao."

"Hamkuazima. Ni yenu."

Akaniuliza maswali zaidi ya saa nzima. Kama ni ya wanaume na wanawake. Kama mtoto wa mama Mmaasai na baba wa kabila lingine anaipata. Kama ng'ombe nao walibadilika. Nikamweleza hata habari ya ndigana kali, kwamba jenomu ya kile kijidudu chake ilisomwa na kuchapishwa mwaka 2005, na kwamba kijidudu kilichosomwa ni cha aina ya Muguga, hapo tu ng'ambo ya Kikuyu. Muguga anaijua, kwa sababu chanjo ya ndigana ilitengenezwa huko miaka ya sabini: unampa ndama ugonjwa wenyewe ukiwa hai, na dawa siku hiyohiyo. Hayo alikuwa anayajua kuliko mimi, kwamba ndama aliyeugua akapona haugui tena. Wazee waliliona jambo hilo kabla ya maabara.

Nikishuka mlima usiku ule nilipiga hesabu. Matokeo ya 2007 yalimfikia mfugaji wa Kimuka baada ya zaidi ya miaka 15, na aliyeyaleta ni mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili, kwa sababu ya hatia. Je, hiyo ndiyo njia tuliyoipanga?

Nimefika mahali naweza kusema ninachoamini, japo si kwa uhakika wa mtu mwenye shahada. Deni la msomi wa data haliishii kwenye fomu. Fomu inampa ruhusa ya kuchukua. Deni linaanza baada ya hapo, nalo ni la kurudi na kusema: tulitafuta hiki, tukaona hiki, hiki hatukukiona. Hata kama hawezi kumpata yule mtu, anaweza kupata mahali. Ndiyo maana namshukuru aliyeamua kwamba jina la Webuye lisifutwe, hata majina ya watu yalipofutwa. Jina la mahali ni kama mlango ulioachwa bila kufungwa. Anayetumia data hizo miaka yote bila kuusukuma hajavunja sheria yoyote, lakini amepokea ng'ombe akakataa jina.

Na rafiki yangu akiniambia hawezi kwenda Webuye kwa kila faili, namwelewa. Sijasema kila faili. Nasema mara moja katika maisha ya msomi si nyingi.

Niliandikia ofisi ile. Niliwatumia sentensi kamili na kueleza nilichofanya. Walijibu kwa adabu kwamba wameshukuru, watairekebisha katika toleo lijalo. Kuhusu wale ambao tayari waliweka kidole hawakusema kitu. Nikapiga ile namba iliyo mwisho wa fomu, nikauliza mtu akitaka kujitoa inakuwaje. Dada aliyepokea akasema sampuli inaweza kuharibiwa wakati wowote, lakini taarifa zikishawekwa wazi haziwezi kurudishwa, kwa kuwa haijulikani nani ameshazichukua.

Nilimpelekea Mzee jibu hilo. Akasema hajitoi. "Ng'ombe nikishatoa siendi kumdai. Lakini niliyempa hunijia. Waambie wakiona kitu waje waniambie, hata kama ni kibaya." Nimeyaandika maneno hayo na kuyatuma kama alivyosema. Sijui yamefika kwenye meza ya nani. Wala sijui kama angekubali siku ile ya kwanza, chini ya mgunga, angesomewa sentensi nzima. Pengine ndiyo. Lakini ndiyo aliyoisema baadaye haiwezi kwenda kuziba pengo la ile ya kwanza, na aliyeacha pengo ni mimi.

Rafiki yangu anaandika tasnifu yake sasa. Kila mahali ambapo wengine huandika LWK, yeye ameandika "Waluhya wa Webuye, Kenya," hadi msimamizi wake akamuuliza kama anatafuta kujaza kurasa. Akimaliza anataka kwenda shule ya msingi aliyosoma, awaeleze watoto na wazazi wao faili lile lina nini. Aliniuliza kama nadhani ni upuuzi, kwa kuwa huenda hata mmoja wa waliotoa damu hatakuwepo. Nikamwambia aende. Nitamtafsiria maelezo yake kwa Kiswahili, bila malipo, na safari hii nitaandika kila sentensi.

Mimi bado natafsiri fomu. Bei ni ileile. Mteja mmoja alilalamika kwamba Kiswahili changu kimekuwa kirefu.

Na ng'ombe bado hupita nyuma ya duka. Mzee husimama, hununua chumvi, huuliza kama wale watu wamesema kitu. Namwambia bado. Ananiita "kijana wa duka," kama zamani.